Mawese yasiyokereketa: ninavyokamua hapa Simbo

Ukila mawese ukahisi koo linawasha, usiulaumu mchikichi. Mkereketo huo ameutengeneza mtu, na mara nyingi ameutengeneza kwa kuchelewa tu. Najua kwa sababu nimewahi kuutengeneza mwenyewe, madumu manne.

Ilikuwa mwaka 2022. Indonesia ilifunga kuuza mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei, mafuta ya kula yakapanda bei mpaka huku kwetu, na kila mwenye michikichi mitatu nyuma ya nyumba akageuka mfanyabiashara. Nami nikaingia na pupa zangu. Nilikatisha mikungu mingi kuliko mikono ya kuichambua, ikalala uani siku tisa chini ya makuti. Mnunuzi wa kutoka Mwanza alifungua dumu la kwanza, akachovya kidole, akalamba, akafunga kifuniko taratibu. "Mama, haya kapikie sabuni." Nikapika sabuni kweli.

Hapa Kigoma kila kijiwe kina mzee atakayekuapia kwamba Waasia walikuja kuchukua mbegu zetu, wakatajirika, sisi tukabaki na hadithi. Kilichoandikwa ni kingine. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Miwili ilipitia Amsterdam, miwili visiwa vya Bahari ya Hindi. Uzao wa miche hiyo ndio ulioenea Sumatra, na mashamba makubwa ya biashara yakaanza huko mwaka 1911. Mti ni wa Afrika, hilo halina ubishi, lakini hadithi ya Kigoma mimi naiacha kijiweni. Ninachowaonea wivu ni mwendo wao. Mkulima mdogo wa kule hakamui mwenyewe. Anakata, anapakia kwenye gari, na mkungu unatakiwa uwe kiwandani ndani ya saa 24. Sisi kiwanda kiko uani, hatua chache kutoka mtini, halafu tunachelewa siku tisa!

Haraka ina sababu yake. Ndani ya nyama ya chikichi kuna kimeng'enya kinachovunja mafuta kuwa asidi. Chikichi ikipondeka, ikichubuka au ikiiva kupita kiasi, kinaanza kazi, na kinachokikomesha ni moto. Wanaonunua mawese ghafi kwa meli hawataki asidi izidi asilimia 5. Wa kwetu wanapima kwa ulimi, na ulimi wa mpika migebuka haudanganyiki.

Basi anza na kukata. Usitazame rangi peke yake, maana chikichi zinaweza kuwa nyekundu kwa nje na bado zimeshikilia. Tazama chini ya mti. Ukiona chikichi chache zimeanguka zenyewe, mkungu uko tayari. Zikiwa zimetapakaa kama mtu kamwaga debe, umechelewa, kata leo hii. Wakulima wa Indonesia nao wanahesabu hizo zilizoanguka, wanaziita brondolan, na hawaziachi shambani hata moja kwa sababu ndizo zenye mafuta mengi. Hapa tunawaachia kuku.

Michikichi yangu ya zamani ni ya aina ya kienyeji iitwayo dura, mirefu, ya baba mkwe. Kijana anakwea na kamba kiunoni na panga mgongoni. Kabla hajapanda naikagua kamba mwenyewe, nairukia kwa uzito wangu wote, na mimi si mwepesi. Watoto nawafukuza chini ya mti. Naye nimemkataza kuuangusha mkungu kwenye mawe, kwa sababu kila chikichi inayopasuka ndiyo inayoanza kuchacha. Tunatandika makuti chini.

Kuchambua ndiko kunakochelewesha watu. Mkungu uliokatwa leo umezibana chikichi zake katikati ya miiba, vidole vinachanika, kwa hiyo wengi wanauacha siku tano, sita, mpaka ziachie zenyewe. Hapo ndipo mawese yanapoharibika. Mimi siku hiyo hiyo naupasua mkungu kwa shoka vipande vidogo, navifunika kwa gunia, na kesho yake au keshokutwa asubuhi napukuta. Zile zinazogoma nazitoa kwa kisu. Wifi yangu anasema ninajitesa. Lakini mafuta yake na yangu tukiyaweka mezani, wageni wanajua wachovye wapi.

Kuchemsha: pipa, maji kama theluthi moja, chikichi juu, majani ya migomba, kisha gunia lililoloweshwa. Moto uwe wa kudumu. Kwangu huchukua saa tatu hivi tangu maji yaanze kutokota, ila sitazami saa. Nachukua chikichi moja kwa kata, naipoza, naibana kwa kidole gumba. Nyama ikiteleza kutoka kwenye kokwa kama ganda la haragwe lililoiva, zimeiva. Ikibaki imeng'ang'ania, rudisha kuni.

Twanga zikiwa za moto. Zikipoa mafuta yanaganda kwenye nyuzi na utakamua mpaka jioni bila kitu. Kama unatumia kinu, piga kwa kubembeleza, kazi ni kuachanisha nyama na kokwa basi. Dura ina ganda nene, inavumilia. Tenera, ile aina chotara, ganda lake ni jembamba. Ukipiga kwa hasira kokwa zinavunjika na kujichanganya na mawese. Siku hizi wengi tunapeleka kwenye mashine ya chuma ya kuzungusha kwa mikono, wanasukuma wawili, tunapeana zamu na majirani. Mwenye zamu ya kwanza alfajiri ana bahati, anamaliza kabla jua halijawa kali.

Kinachotoka si mafuta bado. Ni uji mzito wa rangi ya tofali, una maji, una nyuzi, una tope. Uchuje kwa chekeche, uweke kwenye sufuria pana, ongeza maji ya moto, rudisha jikoni. Mafuta yatapanda. Engua kwa kata ukienda pembeni polepole, na ukianza kuona hudhurungi chini ya wekundu, acha. Tamaa ya kata moja ya mwisho inachafua dumu zima.

Halafu hatua ambayo wenye haraka wanairuka: kukausha. Yale mafuta uliyoengua yarudishe motoni, moto mdogo, sufuria kavu. Yatalia. Mwanzoni kwa nguvu, pa-pa-pa, hayo ni maji yanatoka. Kaa nayo. Sauti ikipungua hadi kimya na povu likaisha, ipua. Usiyaunguze mpaka yapauke. Ule wekundu ndio unaoleta vitamini A, na ukiupoteza umebakiwa na mafuta ya kawaida tu. Yapoe kabisa ndiyo umimine, kwenye dumu lililokauka. Tone la maji linatosha kuyaharibu. Dumu lililowahi kubeba dizeli usilisogeze, hata ukilisugua kwa majivu mwezi mzima.

Asubuhi ya baridi utaona yamejitenga, chini yameganda kama samli, juu ni maji maji mekundu. Wateja wa mjini wakiona hivyo wanadhani umechanganya. Waambie walianike dumu juani wayaone yanavyorudiana.

Maji machafu ya kukamulia nachimbia shimo mbali na kijito, kwa sababu yakiingia mtoni samaki wanakosa hewa. Nyuzi nakausha, zinawasha moto vizuri kuliko karatasi.

Jambo moja kwa wanaotaka kupanda tenera. Usiokote kokwa chini ya tenera ya jirani ukadhani umepata mbegu. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera, aina ambayo kokwa yake haina ganda. Ukipanda zilizotoka kwa tenera wenyewe kwa wenyewe, karibu nusu zitakuwa tenera, robo zitarudi dura, robo zitakuwa pisifera ambazo mara nyingi hazizai, na wewe hutajua ipi ni ipi mpaka miaka mitatu ipite. Nenda TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Kigoma, chukua miche yao. Panda mita 9 kwa 9 kwa mtindo wa pembetatu, na miaka ya mwanzo weka maharage katikati.

Kokwa sijazisahau. Zinakaa juani wiki kadhaa mpaka ukizitikisa zinagonga ndani, ndipo wajukuu wanakaa na mawe kuzipasua, tupate mise, yaani kiini cha ndani ya kokwa. Hizo hazina haraka.