Airisi ya kwetu: usikate bua lake

Ukiona bustanini ua jeupe lenye alama za manjano, katikati lina rangi ya zambarau, na majani marefu yamejipanga bapa kama upepeo, huenda ni Dietes iridioides, mmea wa jamii moja na ua la bustani liitwalo airisi (kwa Kiingereza iris). Ni ya huku huku kwetu: humea yenyewe msituni kuanzia Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Ndugu yake, Dietes bicolor, ana ua la manjano hafifu lenye madoa ya kahawia iliyokolea. Ukitaka kuitofautisha na airisi halisi, geuza ua utazame chini yake: petali za Dietes zimeachana hadi kwenye kitako, za airisi zimeungana kuwa mrija.

Sasa la muhimu. Ua hudumu siku moja tu, na wengi wakiona limenyauka hukata bua zima. Tafadhali usikate! Bua lile lile huchanua tena na tena, hata msimu unaofuata. Liondoe likishakauka lenyewe.

Ukitaka kuongeza, ng'oa kichaka mvua zikianza, kigawanye pale chini palipovimba kama tangawizi, kila kipande kibaki na majani yake. Panda penye kivuli chepesi.