Mambo ya kuzingatia kabla baridi ya Minnesota haijaanza (wenye magari, hasa mlioingia mwaka huu)

Sno (theluji) ya kwanza hapa Minneapolis na St. Paul inaweza kushuka hata Oktoba, kwa hiyo ukisubiri Desemba ndio uanze kuhangaika na gari umeshachelewa na gereji zote zina foleni. Wageni wengi wanachoogopa ni kuteleza barabarani, sawa, ogopa, ila mimi magari mengi niliyoona yakifa huku yamekufa yamepaki, usiku, mwenyewe kalala. Ndio maana naanza na gari lililosimama, kuendesha tutakuja mbele.

Betri. Kama ina miaka mitatu minne ipeleke ikapimwe, maduka mengi ya spea wanapima bure. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi, ambazo deshibodi yako itaandika 0 maana huku wanatumia Farenihaiti (lishike hilo, limewachanganya wengi), betri inabaki na kama nusu tu ya nguvu zake, na muda huohuo oili imekuwa nzito kwa hiyo injini inataka nguvu zaidi kuzunguka. Ndio utakuta gari lililowaka vizuri Ijumaa, Jumatatu alfajiri linasema tik tik tik basi. Nunua waya za kubusti, zile nene, hizo nyembamba za bei chee zinapata moto tu na gari haliwaki.

Oili weka ile kitabu cha gari kinayosema, usibuni.

Tairi. Upepo unashuka kama psi 1 kila joto likishuka nyuzi 10 za Farenihaiti, kwa hiyo tairi ulizojaza Septemba vizuri kabisa, Januari ziko chini na taa ya njano inawaka. Pima asubuhi kabla hujatembea. Halafu angalia ubavuni kama kuna alama ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji katikati, hiyo ndio tairi ya baridi ya kweli, mpira wake haukakamai. Tairi za kawaida zinaanza kuwa ngumu kuanzia nyuzi 7 za Selsiasi kushuka, hata kama sno hakuna. Minnesota hawakulazimishi, Quebec ndio sheria, kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 lazima uwe nazo, ndugu zetu wa Kongo walioko Montreal wanalijua hilo. Hapa kwetu ni mfuko wako na busara yako, ila kama una shifti ya alfajiri na barabara yako ina milima, tafuta hela.

Maji ya waipa nunua yale ya baridi, yameandikwa kwenye dumu yanavumilia hadi nyuzi ngapi. Ukiacha ya kiangazi yataganda, na siku lori likikurushia tope la chumvi kwenye kioo ukiwa spidi ya haiwei utaendesha kama kipofu.

Sasa rejeta. Hapa nisikilize vizuri kwa sababu hili ni la kwetu kabisa, Mmarekani wala huhitaji kumwambia.

Nyumbani tumezoea gari likipungua maji unaongeza maji. Ya bomba, ya chupa, ya mtoni. Kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta yasiyoganda haraka, wengi tunaiona anasa, na kwa Mwanza au Dar unaweza kuishi hivyo miaka. Basi kuna jamaa alikuwa jirani yangu, mtu wa Mwanza, daladala ameendesha sana huko, gari analijua, ukimwambia habari za magari anakuchekea. Kanunua mkweche wake hapa, mzuri tu, una kijipaipu kinavuja kidogo. Kiangazi kizima yeye anaongeza maji ya bomba, chupa inakaa nyuma ya siti, kila wiki anaongeza. Nilimwambia kaka hiyo kulanti unaitoa yote na kuweka maji matupu, akasema mbona gari halichemshi? Na kweli lilikuwa halichemshi. Desemba ikaja ikapita, baridi ya kawaida, gari linawaka, mimi nikaonekana muoga.

Kumbe ndivyo inavyodanganya. Kulanti ikibaki theluthi moja na maji theluthi mbili bado inavumilia mpaka kama nyuzi 17 chini ya sifuri (Selsiasi, kama zote ninazotaja hapa chini), kwa hiyo siku nyingi unapita salama na unajiona mjanja. Halafu ikaja ile wiki ya mwisho wa Januari 2019, waliokuwepo wanaikumbuka, hata posta walisimamisha kupeleka barua. Tarehe 30 asubuhi Minneapolis ilikuwa nyuzi 33 chini ya sifuri. Gari la jamaa limelala nje.

Alfajiri kanigongea, betri imelala, tukabusti huku vidole vinauma mpaka machozi, likawaka. Mkanda ukaanza kupiga kelele kama mbuzi, hita inapuliza baridi tupu, na baada ya dakika chache mshale wa temperecha umepanda juu kabisa. Gari linachemsha kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri! Jamaa haamini, anasema geji mbovu. Geji haikuwa mbovu, maji yalikuwa yameganda ndani, pampu haizungushi kitu, kwa hiyo injini inaungua katikati na pembeni ni barafu. Likazimwa. Yeye akaona dawa ni kumimina maji ya moto, mkewe akatoa sufuria ndani, kamimina. Likavutwa gereji siku mbili baadaye baridi ilipolegea, fundi akaliacha ndani likapata joto, maji yakaanza kutiririka chini ya injini kama bomba limepasuka. Bloku, yaani lile chuma kubwa la injini lenyewe, ilikuwa imepata ufa. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na chuma hakina pa kukimbilia. Kubadilisha injini ni ghali kuliko gari lenyewe, akaliuza chuma chakavu, akawa anaomba lifti ya kwenda kiwandani mpaka masika, na siku ambazo lifti haikupatikana mshahara haukuingia. Kijipaipu chenyewe kilikuwa cha bei ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo: mchanganyiko ni nusu kulanti nusu maji, hapo inavumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Usijifanye mjuaji ukajaza kulanti tupu, ikiwa tupu inaganda mapema zaidi, kwenye kama nyuzi 13 chini, hilo watu wanabisha lakini ndivyo kemia ilivyo. Nunua iliyokwisha kuchanganywa kama hutaki hesabu. Kuna kipimo kidogo cha kunyonya kwa mpira, bei rahisi, kinakuambia kulanti yako inafika wapi. Kama gari umenunua kwa mtu usiulize alikuwa anaongeza nini, pima. Na mfuniko wa rejeta usifungue injini ikiwa ya moto, na kulanti iliyomwagika ifute, ni tamu na ni sumu, watoto na mbwa wanailamba.

Kupaki. Ukiishi Minneapolis jifunze snow emergency (siku jiji linapotangaza magari yapishe ili sno isukumwe barabarani) kabla haijatangazwa. Siku ya kwanza kuanzia saa tatu usiku hupaki upande wowote wa zile barabara zenye alama ya snow emergency. Siku ya pili saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku hupaki upande wa nyumba zenye namba shufwa kwenye mitaa mingine, siku ya tatu upande wa witiri. St. Paul wana utaratibu wao tofauti, usichanganye. Ukikosea gari linavutwa, unalipa faini, unalipa kuvutwa, na unalipa kila siku linayolala kwao. Jisajili upate meseji, maana mwenye nyumba hatakuamsha.

Kupasha gari moto: dakika chache zinatosha, halafu endesha taratibu. Kabla hujawasha zunguka nyuma ufukue bomba la moshi kama sno imelifunika, ule moshi ukirudi ndani una gesi ambayo haina harufu na inaua, na usiwashe ndani ya garaji hata mlango ukiwa wazi. Usiache gari linaunguruma nje na funguo ndani, wezi wanazunguka asubuhi za baridi kwa kazi hiyo tu. Kioo kikiwa na barafu kwangua, maji ya moto yatakipasua.

Kwenye buti weka beleshi dogo, blanketi, glavu za akiba, tochi, na mfuko wa mchanga wa choo cha paka wa kumwaga chini ya tairi ukikwama. Wese lisishuke chini ya nusu tenki. Ukikwama haiwei kaa ndani ya gari, usitoke kutafuta msaada kwa miguu, washa injini kidogo kidogo ukiwa umehakikisha bomba la moshi liko wazi.

Kuendesha sasa. Acha nafasi kubwa mbele. Madaraja yanaganda kabla ya barabara. Chumvi wanayomwaga inachoka baridi ikizidi, kwenye nyuzi 9 chini ya sifuri na zaidi haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo usione barabara nyeupe ya chumvi ukadhani iko salama. Kruzi kontro zima. Foo wili inakusaidia kuondoka, kusimama inasimama kama gari la mwenzako tu, na wanaoishia mtaroni wengi ni hao wenye magari makubwa. Breki za ABS (zile zinazozuia tairi zisijifunge) kanyaga ushikilie, zitatetemeka, usipampu. Ukianza kuteleza toa mguu kwenye mafuta, uso na usukani vielekee unakotaka kwenda. Lori la kusukuma sno usilipite, kaa nyuma mbali (yana majina siku hizi, watu wanapiga kura kila mwaka, moja linaitwa Plowy McPlowface, cheka ukiwa mbali). Futa sno yote juu ya paa, ukifunga breki inashuka kwenye kioo chako.

Watoto usiwafunge mikanda na makoti manene, mkanda unakuwa umelegea bila wewe kujua, wafunge kwanza halafu koti juu. Osha gari chini siku joto likipanda kidogo, chumvi inakula chuma. Handbreki usiiache imevutwa usiku kama gari limelowa, inaganda. Simu iwe na chaji. Kabla ya safari ndefu, Duluth au Fargo huko, angalia 511 (huduma ya kueleza hali ya barabara) inasemaje, na wakisema msisafiri piga simu kazini uwaambie huji, ukiwa bado umevaa ndala nyumbani.