Kupima joto la mtoto mchanga: kwapa, paji la uso, sikio au njia ya haja kubwa?

Katika wodi ya watoto wachanga, wazazi huniuliza sana kwa nini kipimajoto chao cha paji la uso kinatoa namba tofauti na chetu cha kwapani. Mara nyingi vyote ni vizima. Ngozi ya paji la uso hupoa upesi kuliko kwapa. Ndiyo maana nasema: chagua njia moja, uifanye vilevile kila mara. Mimi natumia kwapa.

1. Anza na mkono. Pasha mikono yako joto, kisha mguse tumbo na nyayo. Kote kukiwa na joto, huenda yuko salama. Tumbo likiwa na joto na nyayo baridi, ameanza kupoteza joto. Kote kukiwa baridi, amepoa tayari: mpime hapo hapo.

2. Kausha kwapa. Unyevu hushusha namba. Tumia kipimajoto cha dijitali kinachosoma chini ya nyuzi 35, kwani vile vya kioo vya kawaida huanzia hapo na havitakuonyesha mtoto aliyepoa sana. Vya zebaki viache kabisa.

3. Weka ncha katikati ya kwapa. Hapa ndipo wengi hukosea. Ncha iguse ngozi pande zote, isishike nguo wala isichungulie nyuma ya bega. Shusha mkono wa mtoto, uubane taratibu ubavuni mpaka kipimajoto kilie. Huna haja ya kumvua nguo zote. Ukimvua, unampoza wakati unampima.

4. Soma namba. Kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi. Akiwa kati ya 35.5 na 36.4, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mvishe kofia, mfunike, mnyonyeshe, kisha upime tena baada ya saa moja. Akipita 37.5 kidogo na amefungwa nguo nyingi, mpunguzie na urudie kipimo. Chini ya 35.5, au 38 na zaidi, ni dalili ya hatari: mpeleke hospitali mara moja, akiwa ngozi kwa ngozi kama amepoa. Usimpe dawa ya homa kwanza.

5. Njia nyingine, kila moja na mahali pake. Njia ya haja kubwa husoma karibu zaidi na joto la ndani, lakini ncha inaweza kutoboa utumbo au kuhamisha vijidudu. Isiwe kipimo cha kila siku. Tundu la sikio la mchanga ni jembamba mno, kipimajoto husoma joto la ukuta wa tundu badala ya ngoma ya sikio. Paji la uso linafaa kwa ukaguzi wa kwanza wa haraka tu. Namba ikikutia shaka, hakikisha kwapani. Kihisi cha ngozi ndani ya inkubeta (mashine ya kumtunzia mtoto joto) kinaongoza mashine, na kikibanduka mashine hudhani mtoto amepoa, ikazidi kumpasha. Kwa hiyo hata huko tunapima kwapa.

6. Andika namba, mahali na saa. “36.4, kwapa, saa 2 asubuhi.” Usiongeze nusu nyuzi ili “kupata joto la ndani”. Tofauti hiyo hubadilika kati ya mtoto na mtoto, hata kwa mtoto yuleyule.

Na mtoto anayekataa kunyonya, aliyelegea au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali hata kama kipimajoto kinasoma 37.0. Wachanga wengi wenye maambukizi hawapandi joto.