Kabla ya kuwasha mashine: mambo ya kuzingatia kwa kazi ya rangi

Msimu wa harusi ukifika, maduka ya uchapaji ya Ngamiani hapa Tanga hujaa oda za kadi, na malalamiko ni yaleyale: rangi iliyotoka siyo ile ya kwenye simu. Lawama hubebeshwa mashine, ilhali mara nyingi kazi imeharibika kabla karatasi haijaingia.

Naanza na karatasi, maana mji wa pwani hauisamehi. Karatasi hunywa unyevu wa hewani. Rimu ikilala wazi wakati wa masika, asubuhi utaiona kingo zake zimefanya mawimbi. Kwenye mashine ya tona, yaani wino wa unga, umeme tuli unaovutia tona kwenye karatasi mbichi haushiki vizuri, na eneo lililotakiwa kuwa rangi moja hutoka na mabaka. Ikifika kwenye joto la kuyeyushia tona hukauka ghafla, hujikunja, na upande wa pili haulingani tena na wa kwanza. Kwa hiyo fungua rimu pale unapoihitaji tu, inayobaki ifunge kwenye nailoni, na karatasi ya kesho iingize chumba cha mashine leo, ikiwa bado kwenye kifungashio chake. Nunua na kipima unyevu cha ukutani. Maabara za karatasi hufanya vipimo kwenye nyuzi 23 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50. Ukivikaribia hivyo, umefanya vizuri sana.

Kwenye faili, picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa. Mwombe mteja aitume kama dokumenti. Kadi ya sentimita 15 kwa 21 inataka pikseli kama 1,772 kwa 2,480 ili zipatikane 300 kwa inchi. Ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatia. Maandishi madogo meusi yachapwe kwa wino mweusi peke yake.

Mashine ikishapata moto, ifanyie kalibresheni, yaani irekebishe itoe rangi kwa kipimo sahihi, na urudie ukibadili aina ya karatasi. Profaili, yaani faili inayoielekeza mashine itoeje rangi kwenye karatasi fulani, ikiwa ni ya karatasi ya kung'aa usiitumie kwenye isiyong'aa.

Linalobaki ni mteja, na hapa usione haya kusema ukweli mapema. Skrini hutoa rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, yaani RGB. Mashine huchanganya CMYK, yaani wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na haiwezi kufikia kila rangi ya skrini. Buluu kali ndiyo inayosumbua zaidi: huelekea zambarau. Bi harusi akitaka buluu ya sare za wasindikizaji wake, mwambie aje na kipande cha kitambaa. Chapa nakala moja kwenye karatasi ileile ya kadi, kisha mtoke naye nje kivulini muilinganishe na kitambaa, kwa sababu chini ya taa ya dukani rangi mbili zinaweza kufanana na nje zikaachana. Akiridhika, asaini nakala hiyo, nawe uitunze mpaka mzigo wote uchukuliwe.