Jinsi ya kuomba barua za mapendekezo za ubingwa wa tiba ya dharura Marekani

Unaweza kuwa na barua tatu nzuri kutoka kwa maprofesa wa upasuaji na magonjwa ya ndani, na bado ukawa hujaanza. Tiba ya dharura ina barua yake. Inaitwa SLOE, fomu sanifu ya tathmini iliyobuniwa na CORD, baraza la wakurugenzi wa programu za ubingwa huu nchini Marekani, na wakurugenzi hao huipa uzito kuliko karibu kitu kingine chochote kwenye faili la mwombaji. Nimewasaidia wanafunzi kadhaa kuandaa maombi haya. Walioumia zaidi hawakuwa wenye alama ndogo. Ni wale waliosikia habari za SLOE kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti, wiki chache kabla ya maombi kuanza kusomwa.

Kabla ya kuiomba, ielewe. Barua ya kawaida humsifu mtu, SLOE humlinganisha. Anayeijaza hueleza alijaza fomu ngapi mwaka uliopita, kama rotesheni (kipindi cha mafunzo kwa vitendo ndani ya idara) uliyofanya kwake ilikuwa yako ya kwanza, ya pili au ya tatu katika fani hii, ulipata daraja gani, na wanafunzi wangapi hupata daraja hilo pale kwake. Kisha hukupanga miongoni mwa waombaji wenzako: asilimia 10 ya juu, theluthi ya juu, ya kati au ya chini. Hukadiria pia programu yake ingekuweka wapi katika orodha ya waombaji inaowataka. Maelezo ya maneno huja baada ya hayo yote, tena mafupi. Usikose usingizi kwa sababu ya neno theluthi. Hata wakikusanywa watu hodari watupu, theluthi yao lazima iwe chini.

Fomu yenye nguvu zaidi ni ile inayotoka kwa kamati ya idara yenye programu ya ubingwa: mkurugenzi wa programu, wasaidizi wake na msimamizi wa mafunzo ya wanafunzi, wakiwa wamekusanya maoni ya wote waliofanya shifti nawe. Ya daktari mmoja peke yake ina uzito mdogo. Hospitali zisizo na programu ya ubingwa zina aina yao ya fomu, na wataalamu wa matawi, kama dharura za watoto, wana yao. Hizo zinafaa kuongezea, lakini hazijazi nafasi ya ile ya kamati.

Hatua ya kwanza: omba rotesheni

Ombi la barua huanza hapa, miezi mingi kabla ya fomu yoyote. Bila kufanya kazi katika idara yao, kwa kawaida wiki nne, kamati haina cha kuandika. Ya kwanza ifanye katika hospitali ya chuo chako kama ina idara ya dharura yenye programu ya ubingwa. Ya pili iombe kwingine kupitia VSLO, mfumo wa wanafunzi wageni wa AAMC, jumuiya ya vyuo vya tiba vya Marekani. Lenga kumaliza angalau moja mwezi wa Julai au Agosti, kwa sababu programu huanza kusoma maombi mwishoni mwa Septemba na kamati nayo inahitaji muda wa kukaa na kuandika.

Mwanafunzi wa chuo kilicho nje ya Marekani asome aya hii mara mbili. Hospitali nyingi hupokea wanafunzi wa mwaka wa mwisho tu. Ukishahitimu, milango mingi ya rotesheni inafungwa, na pamoja nayo inafungwa njia ya kupata SLOE ya kamati. Uliza ofisi ya masomo mapema kama chuo chako kimeunganishwa na VSLO. Kama hakijaunganishwa, tafuta idara zinazopokea maombi moja kwa moja, na usisubiri matokeo ya mtihani fulani ndipo uanze.

Hatua ya pili: sema unachotaka, tangu wiki ya kwanza

Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia alifanya kazi kwa bidii wiki zote nne, akaona aibu kutamka kwamba anaomba ubingwa huo huo. Idara ilimdhania mpita njia. Walipokuja kuandika, hawakuwa na kumbukumbu ya mtu aliyekuwa akitafuta nafasi, na fomu yake ikatoka baridi. Kutamka nia yako si kujipendekeza. Siku ya kwanza mwambie mratibu na msimamizi wa wanafunzi kwamba unaomba tiba ya dharura na ungependa SLOE ya idara, kisha uliza utaratibu wao na tarehe kamati inapokutana.

Mwisho wa kila shifti usiulize, “Nimefanyaje?” Utaambiwa vizuri, basi. Uliza, “Kitu gani kimoja nikirekebishe kwenye shifti ijayo?” Halafu kirekebishe, ikiwezekana mbele ya daktari yule yule. Wiki ya pili iombe idara tathmini ya katikati, maana wakati huo bado una siku za kubadilisha picha yako. Na wauguzi na rezidenti (madaktari walio katika mafunzo ya ubingwa) usiwapite kama samani: mara nyingi wao ndio wanaokuona wakati bingwa hayupo, na maoni yao hufika mezani.

Hatua ya tatu: omba rasmi

Kabla ya siku ya mwisho, omba ana kwa ana, halafu thibitisha kwa barua pepe fupi. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye maombi, namba yako ya mwombaji, tarehe za rotesheni, wasifu wako, insha yako ya maelezo binafsi (personal statement) hata kama bado ni rasimu, na tarehe unayohitaji fomu. Uliza hivi: “Je, idara inaweza kuniandikia SLOE ya kuniunga mkono?” Swali hilo linampa mtu nafasi ya kukuambia ukweli. Akisitasita, mshukuru na usimshinikize.

Hatua ya nne: mfumo wa maombi

Kwa miaka mingi kila kitu kilipita ERAS, mfumo wa AAMC. Hivi karibuni fani hii imeingia ResidencyCAS, mfumo mwingine wa maombi. Kwa hiyo fungua ukurasa wa kila programu unayoitaka, uone inapokea wapi. Ndani ya ERAS unaandika jina la mwandishi, unathibitisha, unapata fomu ya ombi yenye namba ya barua, unamtumia. Yeye ndiye anayepakia. Wewe barua huigusi.

Utaulizwa kama unaachia haki yako ya kuisoma, haki inayotokana na FERPA, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Iachie. Msomaji akiona mwombaji alitaka kuisoma, huanza kujiuliza mwandishi alificha nini.

Baada ya SLOE mbili, barua ya tatu na ya nne zinaweza kutoka kwa daktari wa fani nyingine au msimamizi wa utafiti anayekufahamu kweli.

Hatua ya tano: fuatilia

Wiki mbili baada ya rotesheni, kama fomu haijaonekana, mwandikie mratibu kwa upole. Ikichelewa, usizuie maombi yako. Yawasilishe kwa wakati, barua itafuata. ERAS inaruhusu barua nne kwa kila programu, na ukishaituma huwezi kuirudisha, hivyo usijaze nafasi zote nne wakati SLOE ya pili iko njiani. Itakapoingia, rudi kwenye akaunti yako ya ERAS uipangie kila programu. Barua iliyopakiwa bila kupangiwa programu hubaki kwenye akaunti yako, na hakuna mkurugenzi atakayeiona.