Kumhoji mteja wa uraia kwenye kliniki ya sheria, Mombasa

Kabla ya mahojiano, mwanafunzi wa sheria asome Ibara ya 14 hadi ya 16 za Katiba ya Kenya ya 2010, pamoja na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Wakae wawili: mmoja aulize, mwenzake aandike. Msianze na "Una kitambulisho?" Angekuwa nacho asingekuja. Ulizeni wazazi walizaliwa wapi na ni nani anayewajua: mzazi mmoja akiwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa siku mtoto alipozaliwa, yatosha, hata kama mtoto mwenyewe alizaliwa Tanga.

Kinachochosha ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athman Ali, kadi ya kliniki ya watoto Athumani Aly, cheti cha darasa la nane Othman Ali. Pangeni karatasi mezani kwa tarehe, mwandike kila jina herufi kwa herufi, ndipo mtayarishe kiapo kimoja cha maandishi kinachoyataja yote kuwa ya mtu mmoja. Likisahaulika moja, faili hurudi. Anayemwapisha mteja asiwe wakili wake.

Kliniki ibaki na nakala tu. Karatasi halisi mteja aondoke nazo siku hiyohiyo. Barua zote zisainiwe na wakili msimamizi, na mwanafunzi asimwahidi mtu tarehe ya kupata kitambulisho.