Jinsi ya kufukua jina la mlinganyo lilikotoka

Kwanza kabisa usiliamini jina. Mi miaka kibao nilijua kwadratiki, yaani mlinganyo wenye x², ina uhusiano na nne, kumbe inatoka kwenye neno la Kilatini quadratus, yaani mraba, kwa sababu x imezidishwa kwa x yenyewe na eneo la mraba si ndo hivyo hivyo linapatikana. Kwa hiyo anza kwa kuangalia, hilo jina linaeleza kitu au ni jina la mtu? Kama linaeleza kitu kazi ni nyepesi, shika kamusi ya Kilatini au Kiarabu. Mfano aljebra ni al-jabr, imo kwenye jina la kitabu alichoandika mwanahisabati al-Khwarizmi kule Baghdad kwenye mwaka 820 hivi, maana yake kurudishia kilichopungua. Ukiwa na x² = 40x − 4x², unarudishia ile 4x² iliyotolewa, pande zote mbili, unabaki na 5x² = 40x. Hiyo ndo jabr yenyewe.

Sasa likiwa jina la mtu hapo ndo pana vituko. Uliza maswali mawili tofauti, nani aliutatua wa kwanza na nani aliupa jina, maana mara nyingi si mtu mmoja. Chukua mlinganyo wa Pell, x² − ny² = 1, ambapo n ni namba nzima unayopewa, na x na y ni namba nzima unazotafuta. Mwanahisabati Euler ndiye aliyeubandika jina la Pell, Mwingereza, wakati aliyekuwa ameufanyia kazi ni Mwingereza mwingine, Brouncker, na hata huyo alichelewa sana, maana Brahmagupta wa India alishaushughulikia mwaka 628. Alichukua n = 92 akapata x = 1151 na y = 120. Shika kalkuleta uhakikishe: 1,324,801 toa 1,324,800, inabaki 1. Pell mwenyewe siye aliyeutatua halafu jina limemganda!

Kingine, angalia ni yupi kwenye ukoo. Ukisikia mlinganyo wa Bernoulli uliza ule wa kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) au ule wa vimiminika, kwa sababu wa kalkulasi ni wa Jacob, 1695, na wa vimiminika ni wa Daniel, 1738, na Jacob ni baba yake mkubwa Daniel, watu wanawachanganya kila siku.

Na baba mzazi wa Daniel, Johann, ndo anakufundisha hatua ya mwisho, ukikwama tafuta barua. Ile kanuni ya kalkulasi inayoitwa ya L'Hôpital, Mfaransa (najua si mlinganyo, nivumilie) ilitoka kwenye kitabu cha L'Hôpital cha 1696, ila aliyeigundua ni Johann. Mwaka 1694 L'Hôpital alimwandikia kwamba atamlipa livre 300 (pesa ya Ufaransa ya enzi hizo) kwa mwaka, naye awe anampa ugunduzi wake na asiwape watu wengine. Barua yenyewe ilikuja kuchapishwa 1955, jina lilishazoeleka zamani.